Siku ya Kuwashukuru Wateja wa Dada

6 Februari

Mdogo wangu,

Pokea salamu zangu na za mama, ingawa za mama nimezichukua kwa nguvu, maana asubuhi nilipomwambia nakuandikia aliniuliza wewe ni mtoto wa nani. Usishtuke. Mchana alikuwa ameshakukumbuka, akasema nikwambie ule vizuri na uache kulala chali. Mwili wake ni mzima. Anakula, anakwenda bombani na kurudi, anaimba. Kichwa tu ndicho kinachovuja. Ya zamani yamo, ya jana hayamo. Ukimwambia jambo leo, jiandae kumwambia tena kesho.

Mimi nipo. Mikono inaniwasha kwa kukosa vichwa. Huku kwa mama wanawake wengi wananyoa, kwa hiyo namsuka yeye, namfumua, namsuka tena, mpaka ananiuliza kama nimerogwa.

Sasa sikia. Mwezi wa sita mwaka unatimia. Tulikubaliana: mwaka mmoja mimi nimuuguze mama na wewe ubaki saluni, kisha zamu yako. Sikukumbushi kwa ubaya, nakukumbusha kwa sababu nakujua. Kile kiti changu cha dirishani usikizoee sana.

Kabla hujaja huku nataka unifanyie jambo moja. Tangu nifungue ile saluni sijawashukuru wateja ipasavyo, na jambo hilo linaniuma. Mtu anapita milango mingapi ya wasusi mpaka akufikie wewe? Anakaa shingo imepinda, anavutwa nywele, anasema asante, na kesho yake anamleta jirani. Nani alimtuma? Basi chagua Jumapili moja, toa viti nje, waoshe nywele bure, wape soda na keki, kisha simama useme. Na usiseme "asanteni wote" kama mgombea wa udiwani. Kila mtu na lake. Mama Haraka mshukuru kwa siku ile umeme ulipokatika kichwa kikiwa nusu, akaenda kazini hivyo hivyo amejifunga kanga, na bado akarudi. Mwalimu mshukuru kwa kutuletea shule nzima ya walimu.

Nami huku nawafumia vitambaa vya kichwa vya kulalia, kila mmoja chake. Vichwa vyao navijua kwa viganja, sina haja ya kupima. Cha Mwalimu kimenimalizia uzi. Kichwa kile wangegawana watu wawili na wote wakaridhika. Usimwambie.

Waambie narudi.

Dada yako

*

14 Machi

Dada,

Salamu nyingi sana kwako na kwa mama. Mimi sijambo, ila miguu imevimba kwa kusimama. Mvua ilituingilia ndani, fundi amekuja kuziba bati na ameziba vibaya. Paka wa jirani amezalia kwenye kikapu cha taulo, nimeshindwa kumfukuza. Mwambie mama silali chali tena. Ni uongo lakini mwambie.

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi. Kazi, Dada! Watu wamejaa mpaka wanakaa ngazini. Ulipoondoka ilikuwa aibu tupu, sikukuambia. Walikuwa wakichungulia mlangoni, "Dada yupo?" Hayupo. "Basi tutamsubiri." Nakaa na kitana mkononi nafukuza nzi. Mama Haraka, ambaye hata chai hasubiri ipoe, alisema wewe atakusubiri hata mwaka, na alinitazama usoni akisema hivyo. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, nina mikono miwili, nimefundishwa na wewe mwenyewe, na wananipita kama stuli. Lakini hayo yamekwisha. Wamenizoea. Nimenunua na draya ya pili.

Wazo lako la shukrani limenipendeza kuliko unavyodhani. Tutafanya mvua zikipungua. Kifurushi cha vitambaa kimefika. Yule kondakta mpya wa basi amekileta mwenyewe mpaka mlangoni, mtu mpole, mwingi wa maneno. Vitambaa ni vizuri mno. Nimekitambua cha Mwalimu bila kuambiwa.

Ila usije kwenye hiyo shughuli. Najua unafikiria kuja, usinikatalie. Mama utamwachia nani? Kaa huko, utulie, nami nitakuandikia kila kitu mpaka soda alizokunywa kila mtu.

Mambo ya mwezi wa sita tutaongea.

Mdogo wako

*

29 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Mama hajambo, jana amenipiga na mwiko akidhani mimi ni mwizi, leo ananiombea dua. Mgongo unanisumbua kidogo kwa kumfulia nguo.

"Tutaongea" ndiyo nini? Tuongee nini? Mwezi wa sita ni mwezi wa sita. Nimeshaacha kuongea na watu wazima huku, nakaa nikiota milio ya draya. Juzi nimeota namsuka mtu, kila nikimaliza mstari unafumuka, nikaamka nalia. Ndiyo hali niliyo nayo, na nakuambia wazi ili usije ukasema hukujua.

Sawa, siji. Lakini siku hiyo ikipita niandikie neno kwa neno. Nani alisema nini? Nani aliniulizia? Wakivaa vitambaa tazama nyuso zao. Hicho tu ndicho ninachotaka.

Dada

*

5 Mei

Dada,

Salamu kwako na kwa mama, na pole ya mgongo. Mimi mzima. Paka wamekuwa wakubwa, mmoja amechukuliwa na Mama Haraka, amemwita Dada kwa heshima yako.

Shughuli imefanyika Jumapili iliyopita na ilifana, nakuapia. Nilikodi turubai na viti vya plastiki. Nilipaka kuta rangi upya, nikatundika picha yako, ile uliyopiga siku ya kufungua saluni, umeshika mkasi na umenuna. Walikuja wote. Hata yule kondakta nilimwalika kwa kuwa ndiye aliyeleta vitambaa, akala keki mara tatu.

Nikasimama, nikamshukuru kila mtu na lake, kama ulivyotaka. Kisha nikagawa vitambaa. Nikasema hivi vimefumwa na mikono ya Dada, kila kimoja kwa kichwa chake. Dada, walilia. Sikuongezei chumvi. Mwalimu alikivaa pale pale juu ya nywele zilizolowa, akakishika kwa mikono miwili. Mama Haraka alikaa mpaka jioni, yeye! Alikuwa anakikunja na kukikunjua magotini. Kila aliyesimama kusema alikutaja wewe. Kwamba ulikuwa na mkono mwepesi. Kwamba hukuwahi kumteta mteja kwa mteja mwingine. Mwalimu alisema hajawahi kupendwa na mfanyabiashara namna ile, wengine wote walimpendea mkoba.

Hakuna aliyemaliza soda yake. Nami nimepata wateja wapya, maana wapita njia walisimama wakauliza kuna nini.

Wameniambia hawatanihama maisha yao yote.

Mdogo wako

*

13 Mei

Mdogo wangu wa pekee,

Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mkunjo. Mama nimemsomea, akafurahi, nikamsomea tena jioni, akafurahi upya. Ndiyo raha ya kuishi naye.

Walilia! Mwalimu alilia! Mimi nilidhani nimeshasahaulika. Nilikuwa nakaa huku najiambia kwamba mteja ni wa mkono ulio karibu, na kwamba mwaka mzima ni mwingi. Kumbe. Sasa hata mgongo umepoa. Nakushukuru, nawe nilikuwa nimekufikiria vibaya sana, sitasema nilikufikiria nini.

Nafunga mizigo pole pole. Wewe pia anza. Njoo na sweta, huku asubuhi kuna baridi.

Dada

*

24 Mei

Mdogo wangu,

Salamu. Mama hajambo. Mimi sijui kama sijambo, wewe ndiye unayejua.

Jana nilikwenda stendi kukutumia kifurushi, mafuta ya nywele niliyochemsha mwenyewe. Nilimkuta yule kondakta wako mpole, hatukuwahi kuonana, maana kile cha vitambaa nilimwachia karani. Aliposoma anwani akavua kofia. Akaniuliza, "Mama, wewe ni nani wa yule marehemu?" Nikasema marehemu yupi? Akasema, "Yule msusi, mwenye saluni. Nilikuwepo siku ya kuwashukuru wateja. Sijaona msiba wenye upendo kama ule." Nikakaa juu ya gunia la mtu.

Akanieleza yote, kwa huruma kabisa, kipande kwa kipande. Picha yangu ukutani ina utepe mweusi. Mbona utepe hukuuandika? Ulisimama ukasema vitambaa nilivifuma nikiwa kitandani, pumzi zinakatika, nawataja wateja mmoja mmoja. Ukasema niliacha wosia kwamba wasikihame kiti changu. Nikamuuliza nilikufa kwa nini. Akasema kifua. Kifua! Mimi ambaye sijawahi hata kukohoa. Hata ugonjwa wa maana umeninyima.

Na rambirambi walizoleta, akasema, zilikuwa nyingi, na mdogo wa marehemu hakuzila, aliendeleza kazi. Ndiyo ile draya.

Unajua nilimjibu nini? Nilisema ahsante kwa kunifariji. Nikampa kifurushi, nikarudi nyumbani kwa miguu.

Mama aliniuliza mbona nimejaa vumbi. Nikamwambia nimetoka kuzikwa. Akacheka.

Niandikie. Usiniandikie habari za paka.

Dada yako, aliye hai

*

4 Juni

Dada,

Salamu kwako na kwa mama. Huku sijambo. Mafuta yamefika.

Ndiyo. Nilisema umekufa. Ilikuwa siku moja asubuhi, Mwalimu amesimama mlangoni na mwenzake, wananiuliza utarudi lini ili wapange. Nyuma yangu viti vyote vitupu, kodi ya chumba imenikaba kooni, na nimewaambia mara ngapi sijui kwamba mimi pia nasuka. Nikasema, "Dada alifariki." Nilidhani nitatetemeka. Wapi! Mwalimu akaingia, akakaa, akanishika mkono. Kisha akasema, "Basi nisuke wewe." Akataka twende kilioni, ule msuko wa haraka wa msibani. Wiki ile wote walitaka twende kilioni. Nilisuka mpaka vidole vikapasuka.

Ulikuwa hai, hakuna aliyekaa kwenye kiti changu. Ulipokufa, wakakaa. Unataka niombe radhi kwa nani? Na hata baada ya kukuua, wanakushukuru wewe kwa kazi yangu. Nikimsuka mtu vizuri, "Dada amekufundisha." Nikimsuka vibaya, "Angekuwepo Dada." Na wewe huko unaniandikia simama hivi, sema vile, mshukuru huyu. Mimi umenishukuru lini? Mara moja, kwa barua, uliposikia wamelia kwa ajili yako.

Sasa elewa jambo moja. Huwezi kurudi hapa. Ukirudi, mimi ni mwongo aliyekula rambirambi na wewe ni mshirika wangu, maana vitambaa ulivifuma wewe na hakuna atakayeamini hukujua. Watatuhama wote wawili. Baki na mama. Nitatuma matumizi kila mwezi, sitakosa. Mtu aliyekufa halipi kodi, hasimami kutwa, havimbi miguu. Wengine tungekubali.

Mdogo wako

*

12 Juni

Mdogo wangu,

Salamu. Mama hajambo, na nguvu anazo, utaona.

Nimefikiri sana. Nilitaka nije mwenyewe nisimame mlangoni, nione nani ataanguka. Kisha nikasema hapana. Mimi ni mtu mzima, sitakwenda kujieleza kwa watu kwamba napumua.

Lakini umenikumbusha kweli, marehemu hana kazi. Basi na hii nayo siifanyi. Marehemu hamfulii mama nguo. Hamwoshi, hamfukuzii mbuzi barabarani, hapigwi mwiko. Zamu yako imefika, na kwa kuwa umekataa kuifuata, nimeituma.

Mama atapanda basi la Jumamosi. Kondakta amekubali kumshika mkono mpaka mlangoni kwako, tena bila malipo, kwa heshima ya marehemu. Nimechagua Jumamosi kwa sababu najua saluni inavyojaa. Mama ni msahaulifu lakini mdomo anao, na wanawe wawili anawajua. Asubuhi hiyo nitamsuka vizuri. Wateja wako watamuuliza amesukwa na nani, naye atawaambia.

Wakishamaliza kukuuliza maswali, nitakuja kukaa kwenye kiti changu. Wewe utafute pa kukaa.

Dada

*

2 Julai

Dada,

Salamu. Mama alifika salama, hajachubuka popote. Alikuwa na njaa tu. Msuko uliomsuka ni mzuri, kila mtu ameusifu.

Ulipanga vizuri, nakupa haki yako. Viti vyote vilikuwa na watu, Mwalimu kichwa kiko kwenye beseni, Mama Haraka chini ya draya. Mama akasimama katikati, akatazama ukutani, akasema kwa sauti yake ile, "Mbona mmemtundika binti yangu na utepe? Huyu leo asubuhi amenisuka, amenipandisha basi." Nikashika sinki.

Kisha Mwalimu akainuka, maji yakimtiririka shingoni, akamkumbatia. Akasema, "Maskini mama wa watu. Hajui. Au ameambiwa akasahau." Wakaanza kulia mmoja baada ya mwingine. Mimi sikuwa nimefungua mdomo, Dada, nakuapia. Mwalimu ndiye aliyemkalisha kwenye kiti cha dirishani, akapiga magoti, akamwambia kwa upole kabisa, "Mama, binti yako mkubwa alifariki." Mama akanigeukia mimi. Akauliza, "Kweli?"

Wote walikuwa wananitazama. Nikasema kweli.

Alivyolia sitakueleza. Kesho yake akawa amesahau, akauliza uko wapi, mbona humletei uji. Mama Haraka alikuwepo. Nikamwambia tena. Akalia upya, kilio kile kile tangu mwanzo. Na siku iliyofuata hivyo hivyo, na iliyofuata. Kila akiuliza kuna mteja kitini, na kila nikisema nasema mbele ya mteja. Kuna asubuhi nilitaka kumwambia uko hai, nikatazama mlango, Mwalimu anaingia. Sasa imemkaa kichwani. Haulizi tena. Asubuhi anapanguza picha yako kwa pindo la nguo, kisha anakaa dirishani.

Wateja wanampenda. Wanamletea ndizi, wanampa mkono wakiingia na wakitoka. Waliokuwa wakisukwa kule ng'ambo ya barabara wamehamia huku, wanasema saluni inayomtunza mzazi hivi ndiyo ya kuungwa mkono. Ndiyo msaada mkubwa kuliko wote ulionipa kwenye biashara hii, na nakushukuru, kwa jina na kwa jambo lake, kama ulivyonifundisha.

Usije. Wateja siwaogopi tena. Ukija, mama atakuona leo, atapiga kelele, labda atafurahi. Kesho atakuwa amesahau kwamba alikuona, lakini kifo hatakisahau, kimeshaingia. Atauliza ulikufa lini, na atalia tena mbele yako umekaa. Utakuwa unamfufulia mtoto kila asubuhi. Mimi nimeshindwa kuvumilia siku chache tu.

Jana mteja mgeni, wakati namsuka, alimuuliza mama ana watoto wangapi. Mama alifikiri kidogo.

"Nilikuwa nao wawili," akasema. "Yule mwema alikufa."

Mteja akanitazama kwenye kioo, akadhani ni utani wa wazee, akacheka. Nikamwambia ainamishe kichwa, nikaendelea kusuka.

Mdogo wako